BAHARI NAYO NI BARABARA

Mwananchi wa bara akitaka kusafiri huenda kituoni akapanda basi. Barabara ikiharibika hupiga kelele, na kelele zake husikika mpaka makao makuu, kwa kuwa mashimo yanaonekana na daraja lililovunjika halifichiki. Mwananchi wa kisiwani hana barabara isipokuwa bahari. Bahari haitiwi lami, wala haina mashimo ya kumwonyesha mkaguzi. Na kwa sababu hiyo wengi wetu tumezoea kuiona kuwa ni kitu cha Mwenyezi Mungu peke yake, ambacho Serikali na Chama havina kazi nacho. Fikira hiyo ndiyo tunayotaka kuipinga leo. Twasema kwamba bahari nayo ni barabara, na barabara ya umma haiachwi mikononi mwa bahati.

Tuchukue Mafia kuwa mfano. Kisiwa hicho cha Mkoa wa Pwani kimekaa mkabala wa midomo ya mto Rufiji, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2022 wakazi wa wilaya yake walizidi 60,000. Ni watu wa minazi na mikorosho, wavuvi wa samaki na pweza, walimu, mafundi na wafanya biashara ndogo ndogo. Tangu mwaka 1995 sehemu ya bahari yao imewekwa kuwa Hifadhi ya Bahari, ya kwanza katika nchi yetu. Na kila mwaka, kati ya Oktoba na Machi, wageni hutoka Ulaya na Marekani kuja kumtazama potwe, samaki aliye mkubwa kupita samaki wote duniani, naye ni mpole asiyemdhuru mtu. Sifa ya Mafia imeenea mbali. Lakini sifa ya mahali hupimwa pia kwa njia ya kufikia hapo, na hapa ndipo tunapokuta jambo la kufikiriwa na kila mwanachama.

Njia za kufika Mafia ni mbili. Ya kwanza ni ya angani. Msafiri huondoka Dar es Salaam kwa eropleni ndogo yenye viti kama kumi na viwili hivi, akaruka juu ya mikoko ya Rufiji, na baada ya nusu saa au zaidi kidogo magurudumu yamekwisha gusa ardhi ya Kilindoni. Kiwanja chenyewe kilitiwa lami kwa fedha za Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, katika mkataba ulioanza mwaka 2008 na kwisha mwaka 2013. Mgeni akishuka hukuta gari la hoteli linamngoja, na kabla jua halijapanda sana yuko ufukweni.

Njia ya pili ni ya baharini, nayo ndiyo njia ya wenyeji. Msafiri huamka alfajiri, hupanda basi Mbagala, hupita Mkuranga, na afikapo Bungu huiacha barabara kuu kuelekea Nyamisati, bandari ndogo iliyo katika delta ya Rufiji. Huko hungoja maji yajae, kwa maana mkondo wa Nyamisati haumtii mtu wala saa ya mtu, bali hutii mwezi. Kisha huvuka kwa saa kadhaa. Siku yake nzima imekwenda; na wakati wa kusi, hasa kati ya Juni na Agosti, mawimbi humfikisha Kilindoni akiwa hoi, nguo zimelowa na watoto wanatapika. Hapo zamani watu walivuka kwa mashua za mbao kutoka Nyamisati na Kisiju, pamoja na nazi, mbuzi na mifuko ya saruji. Tangu mwaka 2021 kivuko kiitwacho MV Kilindoni, kilichojengwa na mafundi wa nchi hii, kimetiwa katika njia hiyo. Jambo hilo lilikuwa ni haki ya watu wa Mafia kwa miaka mingi, nasi tunalisifu.

Hatusemi kwamba eropleni ni kitu kibaya. Eropleni huleta wageni, na wageni huleta kazi na fedha. Tunachokisema ni kwamba nchi isiyo na matabaka haiwezi kuridhika kuwa na mlango mmoja wa mbele wenye zulia na mlango mwingine wa nyuma wenye matope. Historia ya Mafia yenyewe inatufundisha jambo hili. Mwaka 1890 Wajerumani walimlipa Sultani wa Unguja marki 4,000,000, wakachukua pwani yote ya Tanganyika pamoja na kisiwa cha Mafia. Wenyeji wake hawakuulizwa neno. Mwaka 1915, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Waingereza walikiteka kisiwa, wakatengeneza humo kiwanja cha ndege. Kwa nini? Si kwa kumchukua mgonjwa wa Kilindoni, wala kwa kumpelekea mkulima barua yake. Ndege zilirushwa kwenda kuipeleleza manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha Rufiji, na mwezi wa Julai mwaka huo manowari hiyo iliangamizwa. Basi eropleni za kwanza zilizotumika Mafia zilitumikia shabaha ya watu wa mbali. Wakoloni wamekwisha kwenda zao. Yatupasa sisi tujiulize kama njia zetu za leo zinamtumikia kwanza mtu wa kisiwa mwenyewe.

Tutazame sasa jambo lililo kubwa kuliko starehe, nalo ni uhai. Mtu apandaye eropleni ndogo kwenda kisiwani hupimiwa mzigo wake. Huambiwa achukue kilo 15 tu, tena katika mfuko laini usio na pembe ngumu. Akizidisha, mfuko huachwa. Mara nyingine yeye mwenyewe hupandishwa juu ya mizani kama gunia la mpunga, ili rubani ajue kiti gani kimfae. Jina lake limeandikwa, kiti chake kinajulikana, na mtu wa ziada hapandi hata akiwa jamaa ya mkubwa. Hakuna anayenung’unika, kwa maana kila mtu anaelewa kwamba chombo kikizidiwa kitaanguka.

Je, bahari ina sheria nyingine? Mzigo ukizidi juu ya maji haudhuru? Mambo yaliyotupata yanajibu. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza, wakafa watu zaidi ya 800. Palipotafutwa orodha ya abiria, ilionekana ya daraja la kwanza na la pili. Watu wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndugu wafanyakazi, tulisome jambo hilo mara mbili. Wenye fedha waliandikwa majina, na maskini walipanda bila kuandikwa, wakafa bila kuhesabiwa.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya MV Spice Islander I ilizama baharini ikitoka Unguja kwenda Pemba. Ruhusa yake ilikuwa abiria wapatao 600, nayo ilikuwa imepakia zaidi ya mara mbili ya hesabu hiyo, pamoja na shehena. Maiti zaidi ya 200 ziliopolewa, na Tume iliyochunguza ilieleza kwamba watu zaidi ya 1,000 hawakuonekana tena. Haukupita mwaka mmoja: tarehe 18 Julai 2012, katikati ya msimu wa kusi, MV Skagit ilipinduka karibu na kisiwa cha Chumbe ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Chombo hicho kilikuwa kimefanya kazi hapo kwanza Marekani, upande wa Seattle, katika maji yaliyozungukwa na nchi kavu. Huku kwetu kilitiwa katika mkondo wa bahari wazi. Kisha tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichojengwa kuchukua watu 101, kilipinduka mita chache kabla ya kufika gati la Ukara katika Ziwa Victoria, na watu zaidi ya 220 wakafa, ndugu zao wakitazama ufukweni.

Baada ya kila msiba husemwa neno moja: ajali haina kinga. Methali hiyo ni ya wazee wetu nasi tunaiheshimu, lakini wazee hawakuitunga kwa ajili ya kumfichia mtu dhambi yake. Wazee hao hao walisema, tahadhari kabla ya hatari. Nahodha wa jahazi wa zamani hakuondoka bila kutazama mawingu, kuuliza upepo na kukagua kalafati. Na alipoona chombo kimekaa sana majini aliamuru mzigo ushushwe, hata kama mwenye mzigo alikuwa tajiri wake. Dhoruba isiyotazamiwa ni ajali. Chombo cha watu 600 kupakia watu zaidi ya 1,200 ni hesabu iliyofanywa na mtu mwenye akili zake timamu, kwa mkono wake, mchana kweupe, akipokea nauli.

Wale waliosoma Kitabu cha Matendo ya Mitume wanakumbuka safari ya Mtume Paulo kwenda Rumi. Majira mabaya ya bahari yalikuwa yamewadia, naye Paulo, aliyekuwa mfungwa, akaonya kwamba safari ile ingeleta hasara. Akida aliyekuwa na madaraka hakumsikiliza mfungwa. Alimsadiki zaidi nahodha na mwenye merikebu. Wakatweka. Merikebu ikavunjika kando ya kisiwa cha Malta. Lakini katika habari hiyo yamo mambo mawili ya kutufaa. La kwanza, hesabu ya waliomo chomboni ilijulikana: watu 276, wala hakupotea hata mmoja. La pili, wenyeji wa kisiwa waliwapokea, wakawawashia moto. Basi hata karibu miaka 2,000 iliyopita hatari ilikuwa ile ile ya leo: mwenye madaraka kumsikiliza mwenye mali, na kumpuuza mnyonge aliyeona mbele.

Tukiuliza chanzo cha kupakia kupita kiasi tutakuta vitu vitatu. Cha kwanza ni tamaa ya fedha. Kila abiria wa ziada ni nauli isiyoandikwa, na nauli isiyoandikwa haijulikani imeingia mfuko gani. Cha pili ni woga. Karani wa gatini anajua hesabu imezidi, baharia naye anajua, lakini kila mmoja anamwachia mwenzake aseme. Cha tatu ni uhaba wa vyombo, na hiki ndicho kinachosahauliwa katika hotuba. Mtu asiyejua kama kutakuwa na chombo kingine kesho hawezi kukubali kushushwa leo. Ana mtoto mgonjwa, ana samaki wanaooza, ana ruhusa ya kazini inayokwisha jioni. Atasukuma, atalia, atatoa hongo, ataning’inia.

Kwa hiyo wale wanaodai sheria kali peke yake hawajafikiri mpaka mwisho. Ukiweka askari gatini bila ya kuweka chombo cha pili, utawarudisha watu katika mashua zinazoondoka usiku mahali pasipo gati, pasipo askari na pasipo taa. Hapo utakuwa umeokoa takwimu za gati, hukuokoa watu. Na wale wanaosema kwamba tusubiri mpaka vyombo viwe vingi ndipo tuhesabu watu, nao wamekosea, maana maji hayangoji mpango wa maendeleo. Mambo haya mawili lazima yaende pamoja: hesabu na chombo.

Vyombo vya Serikali vya kusimamia kazi hii vipo. Zanzibar iliunda Mamlaka ya Usafiri Baharini mwaka 2009. Kwa Tanzania Bara sheria ya mwaka 2017 iliunda Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, ambalo limepewa pia kazi ya usalama wa majini. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutangaza upepo mkali na mawimbi makubwa. Basi hatukosi ofisi. Kinachotakiwa ni kwamba neno linalosemwa ofisini lifike mpaka kwenye kamba inayofunga chombo gatini, na liwe na nguvu ya kuifanya kamba hiyo isifunguliwe.

Nasi tunatoa shauri, ili lijadiliwe katika matawi yetu yote ya pwani, ya visiwani na ya maziwani.

Kwanza, kila abiria, mwenye tikiti ya bei kubwa na mwenye ya bei ndogo, aandikwe jina lake na mahali atokapo, na watoto wachanga waandikwe pia, maana mtoto mchanga naye ni roho. Nakala moja ya orodha ibaki gatini kabla chombo hakijang’oa nanga. Orodha inayosafiri ndani ya chombo peke yake huzama pamoja na chombo.

Pili, hesabu ya abiria walioruhusiwa na alama ya mwisho wa mzigo ziandikwe kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, mahali panapoonekana na kila apandaye. Sheria ambayo mnyonge haisomi haiwezi kumsaidia kudai haki yake.

Tatu, kila njia ya kisiwa yenye kivuko kimoja iwekewe chombo cha akiba. Kivuko ni mashine. Lazima kifike siku ya kupelekwa kutengenezwa. Siku hiyo watu wa kisiwa wasirudishwe katika mashua za miaka ya nyuma kana kwamba maendeleo yalikuwa ni ya kuazimwa.

Nne, mgonjwa mahututi asiuziwe tikiti kama mtalii. Njia ya angani ambayo kiwanja chake ni mali ya umma haina budi kuwa na mpango maalumu wa kumchukua mama aliyeshindwa kujifungua, au mtoto aliyeumia, kwa gharama isiyomfilisi mkulima wa nazi. Sehemu ya fedha ambazo wageni hulipa kwa kuingia katika bahari ya Mafia ikielekezwa huko, hakuna mgeni mwungwana atakayelalamika.

Tano, wavuvi wahesabiwe kuwa ni askari wa kwanza wa uokoaji. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya abiria ilipoanguka ziwani karibu na kiwanja cha Bukoba, ni wavuvi kwa mitumbwi yao waliofika mwanzo kuwatoa watu. Watu 19 walikufa na wengine 24 wakapona. Watu wa namna hiyo wapo katika kila diko la nchi yetu. Wapewe mafunzo, maboya na simu za upepo, na mafuta yanayotumika katika kuokoa yalipwe mara moja, bila ya kuzungushwa kutoka meza hata meza.

Najua wapo watakaosema kwamba mambo haya yanataka fedha nyingi. Yanataka. Lakini na kutokuyafanya kunataka fedha pia, ila zinalipwa na mtu mwingine. Mkulima wa Mafia huuza nazi yake kwa bei ndogo, kwa kuwa mnunuzi amekwisha kutoa gharama ya kuivusha. Na mkulima huyo huyo hununua saruji, sukari na unga kwa bei kubwa, kwa kuwa gharama ya kuvivusha imekwisha kuongezwa. Hulipa bahari mara mbili, akienda na akirudi. Huo ni ushuru ambao hakuna Bunge lililoupitisha, na wanaoutozwa ni wale tu waliozaliwa upande wa pili wa maji. Chombo imara chenye nauli ya haki ndiyo njia ya kuufuta.

Mwisho tunasema na wanachama wenyewe. Kadi ya Chama si tikiti. Kiongozi anayefika gatini amechelewa, chombo kimejaa, akatumia cheo chake ili apakiwe, amewafundisha watu wote waliomwona kwamba hesabu ni kwa ajili ya wanyonge. Wako thelathini nyuma yake watakaotaka kufanyiwa vivyo hivyo, na karani hatakuwa na uso wa kuwazuia. Kiongozi wa kweli akikuta chombo kimejaa hubaki gatini pamoja na watu, akasafiri kesho.

Na wewe ndugu mfanyakazi wa gatini, unayekata tikiti, unayefunga kamba, unayepiga kengele: katika safari ya watu 200 hakuna mkubwa kuliko wewe kwa dakika ile moja kabla chombo hakijaondoka. Waziri hayupo, mkurugenzi hayupo, mhariri wa gazeti hayupo. Uko wewe na hesabu yako. Ukiona imezidi, sema. Tajiri wako akikukemea, sema tena, na chama chako cha wafanyakazi kisimame nyuma yako. Kisiposimama, tuandikie sisi, nasi tutachapa. Ni bora abiria hamsini wakutukane jioni kwa kuwaacha, wakalale kwao, wakaamke.